Mtu wa Kichwani

Vyuma vya kuinua vya shamba la chai la Chepsirei havikununuliwa dukani. Mtaimbo wake ulikuwa shafti ya feni ya kiwandani, iliyopinda ikatupwa, kisha ikanyooshwa kwa nyundo. Uzito wake ulikuwa gia kuukuu za mashine ya kusaga majani, na gia zilipokwisha, madebe ya rangi yaliyojazwa saruji. Kila kipande kilipimwa kwenye mizani ya majani na kuandikwa kilo zake kwa chaki. Benchi lilikuwa mbao mbili za blugamu zilizotandikwa gunia, na aliyelalamika kwamba mbao zinaumiza mgongo aliambiwa aende akalale hoteli.

Kiptum ndiye aliyeujua mchezo huo kuliko wote. Alikuwa askari wa magereza kwa muda, akaingia timu yao ya vyuma, kisha baba yake akafa na ng'ombe wa kwao Sigor wakakosa mwenyewe, naye akaiacha sare. Sasa alikuwa mtu wa boila pale kiwandani, akilisha moto kuni zamu kwa zamu. Kazi ilikuwa ya joto lakini ya kudumu, na hakuitaka nyingine. Hilo lishikwe tangu mwanzo, maana ndilo lililomla baadaye.

Siku ya kwanza kumwona Obonyo akisukuma chuma, alifumba macho. Obonyo alikuwa mpakiaji, mmoja wa wale wanaorusha magunia ya majani mabichi juu ya tela kutwa nzima, mvua ikinyesha na isiponyesha. Mtu mrefu, mikono kama milingoti, na alilala kwenye benchi akashika chuma kwa upana wote wa mikono hiyo, viwiko vimefunguka kabisa.

"Sasa hiyo ni nini?" Kiptum aliuliza.

"Kifua," Obonyo akasema akihema.

"Hiyo si kifua. Hiyo ni kuku inalalia mayai. Bega yako ya kulia inauma ama haiumi?"

Obonyo alirudisha chuma kwenye vishikio vyake, akaketi, akatazama mlangoni kama kuna mtu. Hapakuwa na mtu. Ndipo aliposema kweli. Bega lilikuwa limemkwama miezi mingi. Asubuhi mkewe, Eucabeth, ndiye aliyemvalisha shati, na gunia la mwisho la siku alilirusha akiuma meno. Zahanati walimpa dawa ya kuchua, akachua mpaka ngozi ikatoka. Nyapara hakujua, na hakutakiwa kujua, kwa sababu mpakiaji asiyeinua mkono si mpakiaji, na nyumba ya kambini hukaa na kazi. Kazi ikienda, nyumba inaifuata, na watoto wanaifuata nyumba.

"Sasa kwa nini unakuja hapa kuimaliza kabisa?" Kiptum akauliza.

"Kwa sababu ya ukumbi."

Mzee aliyekuwa msimamizi wa ukumbi na michezo alikuwa anastaafu mwaka huo. Kazi yenyewe ilikuwa kufungua mlango, kufagia, kupanga viti vya ibada na vya sinema, na kufundisha vijana mazoezi jioni. Hakuna gunia hata moja ndani yake. Na meneja, kwa akili za wakubwa ambazo mtu wa kawaida hazipati mwanzo wala mwisho, alikuwa ametangaza kwamba kazi hiyo itapewa atakayeshinda vyuma siku ya michezo ya shamba, kwa hoja kwamba mwalimu lazima awashinde wanafunzi. Kwa hiyo Obonyo alihitaji bega ili kuliokoa bega. Maji yalikuwa yamemfika shingoni, na njia pekee ya kutoka ilikuwa kunywa mengine.

Kiptum alimwonea huruma, na huruma yake ilikuwa ya vitendo. Jioni ile ile alimlaza sakafuni, si kwenye benchi.

"Sakafu ni daktari," alimwambia. "Hapa kiwiko ikifika chini inagonga simiti, inakataa kushuka zaidi. Bega haivutwi. Unasukuma nusu ya juu tu. Na hiyo nusu ya juu ni ya nani? Ni ya huyu hapa." Akamfinya msuli wa nyuma ya mkono, ule unaokaa kati ya kiwiko na kwapa kwa nyuma, ambao wapakiaji huusahau kwa sababu hawauoni wakijitazama kwenye kioo.

Kwa wiki nyingi Obonyo hakuligusa benchi. Alisukuma akiwa sakafuni, uzito mdogo, akaudhika kwa kuchekwa na wavulana waliosukuma uzito mkubwa vibaya. Kisha Kiptum akamrudisha kwenye benchi kwa masharti. Mikono isizidi upana wa mabega. Vidole gumba viuzunguke mtaimbo, visilale upande mmoja na vingine. Mabega yarudi nyuma na kushuka, yabane ubao, yasiinuke kamwe. Viwiko vikae karibu na mbavu. Chuma kishuke polepole mpaka chini ya chuchu, kitulie pale pumzi moja, ndipo kipande juu. Siku nyingine alimwekea kipande cha ubao kifuani, chuma kikaishia kwenye ubao, na Obonyo akasukuma kutoka hapo mpaka mikono ikamtetemeka.

"Kifua inaanzisha safari," Kiptum alisema. "Kumaliza ni nyuma ya mkono. Watu wengi wanakwama hapa katikati kwa sababu walijenga kifua peke yake. Wewe jenga hii, na bega itakaa imelala kama mtoto."

Na bega likalala kweli. Mahindi yalipofika kiunoni, Obonyo alikuwa anavaa shati mwenyewe. Eucabeth alimtumia Kiptum samaki wakavu wa kutoka kwao ziwani, wamefungwa gazetini, na msichana wake Dorcus ndiye aliyewaleta boilani akisema, "Mama anasema asante ya mkono wa baba." Kiptum hakuwa mlaji wa samaki, lakini aliwala wote, na alifurahi kwa namna ambayo hakuwa amefurahi tangu aache sare.

Furaha hiyo haikuwa jambo dogo mwaka ule. Mwaka uliotangulia nyumba zilichomwa mipakani, watu wakakimbia usiku na magodoro kichwani, na ingawa Chepsirei yenyewe haikuungua, wengi wa kambini walilala na viatu miguuni. Wakipsigis, watu wa kina Kiptum, na Wajaluo, watu wa ziwani kama Obonyo, waliokuwa wakikopeshana chumvi, walianza kupitia njia mbalimbali kwenda mfereji mmoja wa maji. Shamba lilipotulia, utulivu wenyewe ulikuwa wa kutembea juu ya mayai. Kila neno lilipimwa kabla halijatoka, na lililotoka lilipimwa tena na waliolisikia.

Afisa wa ustawi wa wafanyakazi, Bwana Nyang'au, Mkisii mwenye nia njema na tai fupi, alikuwa amebuni dawa yake. Mtu anayesukuma chuma kizito huwekewa mwingine wa kusimama kichwani pake, tayari kuupokea mtaimbo mambo yakiharibika. Nyang'au aliamuru kwamba Mjaluo akilala, Mkipsigis asimame kichwani. Mkipsigis akilala, Mjaluo asimame. "Watu waone kwa macho yao kwamba roho ya huyu iko mikononi mwa yule," alisema. Ilikuwa sheria nzuri. Watu waliipenda, na mchungaji aliitaja kwenye mahubiri. Sheria ya pili ilikuwa ya mchezo wenyewe. Aliyesimama kichwani akiugusa mtaimbo kabla Nyang'au hajapiga filimbi ya kumruhusu aupokee, hata kwa kidole, jaribio hilo limekufa.

Wiki ya michezo ilipokaribia, Nyang'au alimwita Kiptum pembeni. Waliojiandikisha kwa uzito wa juu walikuwa Wajaluo watupu, na hilo lilimnyima usingizi. "Watu watasema ukumbi umegawiwa kabla," alisema. "Ingia na wewe, bwana. Ingia tu ionekane."

Kiptum alienda kwa Obonyo kwanza, kama inavyostahili. "Nitaingia, lakini nitaishia kilo mia. Wewe mia na tano unaifanya ukiwa na homa. Ukumbi ni wako."

"Na kichwani utasimama wewe?"

"Nani mwingine?"

Obonyo akacheka. Kisha akaacha kucheka. "Kitu moja. Usiguse hiyo chuma. Hata nikilia. Unaelewa? Mara mbili tatu nitakwama, halafu nitatoka, wewe unanijua. Ukigusa, Mkipsigis amegusa. Hutaweza kueleza mtu."

"Nimesikia," Kiptum akasema.

Siku yenyewe ukumbi ulijaa mpaka madirishani. Wajaluo walikaa kushoto na Wakipsigis kulia, bila ya mtu kuwapanga. Mbele kushoto aliketi mzee Kepher, mwenyekiti wa chama cha mazishi cha watu wa ziwani, mtu ambaye akikohoa watu wake hunyamaza. Meneja alipewa kiti chenye mto.

Kiptum alisukuma mia yake kama mtu anayefunga mlango. Obonyo akasukuma mia, akasukuma mia na tano, viwiko vyake karibu na mbavu, chuma kikitulia kifuani kabla ya kupanda, kazi safi ya kutazama. Mambo yangeishia hapo. Ukumbi ulikuwa umempata mwenyewe, na bega lilikuwa limelala.

Lakini Kiptum alikuwa amebakiwa na jaribio moja, na upande wa kulia walianza kulitaja jina lake. Walianza wawili dirishani, kisha benchi zima, kisha wanawake waliochuma majani naye kabla hajaingia boilani. Tangu aache magereza hakuna aliyekuwa amelitamka jina lake hivyo. Alijua la kufanya ni kutikisa kichwa na kukaa. Alijisikia akisema, "Weka mia na kumi."

Alilala, Obonyo mwenyewe akasimama kichwani pake, na chuma kikapanda. Kilipanda bila taabu hata kidogo, hilo ndilo la kuchukiza. Upande wa kulia ulirukaruka. Kiptum alipoketi na kuuona uso wa Obonyo, kiburi chote kilimtoka kama hewa kwenye tairi.

"Bwana, mimi..." alianza.

"Hapana maneno," Obonyo akasema. "Waambie waweke mia na kumi na tano."

Uzito huo Obonyo hakuwahi kuusukuma. Kiptum alisimama kichwani, akafuta viganja kwenye suruali. Aliitazama mikono ya Obonyo ikishika mtaimbo kwa upana wa mabega, kama alivyofundishwa. Kisha akaiona ikitambaa. Ilitambaa nje vidole viwili, ikatambaa tena, mpaka ikafika pale pale ilipokuwa siku ile ya kwanza. Obonyo alikuwa ameuacha msuli wa nyuma ya mkono na kurudi kwenye kifua chake cha zamani, kwa sababu kifua kilikuwa kikubwa na safari ya chuma huwa fupi mikono ikiwa mbali. Mtu akibanwa hukimbilia alikozaliwa.

"Rudisha mikono," Kiptum akanong'ona.

Obonyo aliukaza mshiko pale pale. Aliinua chuma kutoka kwenye vishikio, akakishusha. Viwiko vilifunguka. Chuma kiligusa kifuani, juu mno, karibu na shingo, kikaanza kupanda.

Kilipanda hadi katikati. Hapo kikasimama, na Kiptum akaliona bega la kulia likiinuka kutoka kwenye ubao. Likasogea mbele. Kitu kikasikika, sauti ndogo ya kitambaa kinachochanika, ambayo waliokaa mbali hawakuisikia lakini aliyesimama kichwani hakuweza kutoisikia. Upande wa kulia wa mtaimbo ukaanza kuzama.

Viganja vya Kiptum vilikuwa chini ya mtaimbo, kwa umbali ambao hata mende angepita kwa taabu. Kugusa tu. Obonyo aliyafungua macho yake na kumtazama, akiwa amepindua kichwa chini juu, na macho hayo hayakuwa na mashaka yoyote ndani yake. Yalisema chukua. Mtoto mchanga angeyaelewa.

Na Kiptum, badala ya kuyajibu, aliinua uso akautazama ukumbi. Akawaona wa kushoto wamesimama wote. Akamwona mzee Kepher ameegemea mbele na kiganja chake juu ya fimbo. Akawaona wa kulia wakicheka tayari. Akafikiria jinsi itakavyosemwa kesho mferejini, kwamba Mkipsigis amepandisha bei kwa ujanja, kisha Mjaluo alipokaribia kushinda akamshikia chuma. Akafikiria nani atarushiwa jiwe la kwanza, na nani atalipiza, na magodoro yale kichwani. Akafikiria pia, kwa aibu, jina lake mwenyewe. Yote hayo aliyafikiria wakati mkono wa rafiki yake ukitoka mahali pake.

Filimbi ya Nyang'au haikulia, kwa sababu Nyang'au naye alikuwa akiutazama ukumbi.

Chuma kilianguka upande mmoja. Kilimponda Obonyo kifuani na kuuvuta mkono wa kulia nyuma, chini ya ubao, kwa namna ambayo mkono haukuumbwa kwenda. Ndipo Kiptum alipokishika, kwa nguvu zote, na ndipo Eucabeth alipopiga kelele mlangoni. Alikuwa amechelewa kwa kiasi cha pumzi mbili.

Hospitali walimkalisha Obonyo mwezi na zaidi. Mbavu ziliunga. Bega halikuunga. Daktari aliliambia shamba kwamba mkono ule utashika kijiko na labda kitana, basi. Michezo ya shamba haikuwa kazi, shamba likajibu, na ajali ya mchezo si ajali ya kazi. Barua ya kuhama nyumba ilifuata. Ukumbi alipewa mshindi, na mshindi, kwa mia na kumi, alikuwa Kiptum. Hapo ndipo uchungu ulipokuwa na meno. Angegusa, angeshinda. Hakugusa, na akashinda vile vile. Kitu pekee ambacho mikono yake ingebadilisha siku ile ni mkono wa Obonyo.

Alijaribu kuikataa kazi. Nyang'au akamsihi asiikatae, kwani kukataa kungeonekana kama kukiri jambo. Kiptum akaichukua. Unaona jinsi mtu anavyoweza kuongozwa njia nzima na wema.

Asubuhi ya kuhama Kiptum mwenyewe aliusukuma mkokoteni wa vyombo vya Obonyo, kutoka nyumbani hadi kwenye tela la trekta lililopewa kazi ya kuwafikisha barabara kuu. Alipakia kitanda, meza, masufuria, mabati mawili. Wapakiaji wenzake Obonyo walisaidia. Dorcus alikaa juu ya godoro akiwa amemshika kuku.

Eucabeth hakumsalimu Kiptum mpaka mzigo ulipofungwa. Kisha alikuja akasimama mbele yake, mikono ndani ya leso.

"Ungegusa," alisema. Hakupandisha sauti. "Tungekutukana. Mimi ningekuwa wa kwanza, mimi najijua. Wiki moja, mbili. Halafu ningerudi nyumbani nipate mume yangu na mkono yake, na ningekuletea samaki."

"Mama Dorcus, aliniambia nisi..."

"Najua alikuambia. Mtu husema mambo akiwa amesimama. Yeye alikuwa amelala."

Obonyo alikuwa upande wa pili wa tela, mkono umefungwa kifuani kwa kitambaa cha kanga. Alikuwa amekonda, na shati lilikuwa limefungwa vifungo kombo. Kiptum alizunguka akamwendea. Alikuwa amejiandalia maneno tangu alfajiri, hata lilipomjia moja akaona halifai kitu.

"Nisamehe, ndugu yangu."

Obonyo alimtazama bila chuki, na hilo lilikuwa gumu kulivumilia kuliko chuki.

"Mimi nilikuwa nakuangalia wewe," akasema. "Wewe ulikuwa unaangalia watu."

Akageuka, akasubiri dereva ashuke amsaidie kupanda. Trekta likawashwa. Kiptum alisimama mpaka lilipopita kona ya miti ya blugamu, na moshi wake ukabaki juu ya majani ya chai, kisha ukaisha.

Watu wa ziwani waliokuja kuwaaga walianza kutawanyika. Mzee Kepher alikuja na fimbo yake, akamshika Kiptum mkono kwa mikono yake miwili, pale pale barabarani, mbele ya watu wa pande zote mbili, na akapaza sauti ili wote wasikie.

"Wewe ni mtu wa haki," alisema. "Tumeongea juu yako kwa kikao. Mwingine angegusa hiyo chuma atuibie. Wewe ulisimama mpaka mwisho, hukugusa. Sisi watu wa ziwa tunakushukuru sana."

Waliokuwa karibu wakaitikia. Upande wa pili nao wakatikisa vichwa, wakijivunia mtu wao.

"Asante, mzee," Kiptum akasema.